Barua ya wazi kwa mnaopanga barabara na mitaa ya Mbeya: mtuachie mahali pa kuchemshia chai

Waheshimiwa, shikamooni.

Naandika kutoka Dodoma, nilikohamia kikazi mwaka 2019, lakini mimi ni mtoto wa Mbeya. Nimezaliwa Ilomba, nimesoma Ilomba, na ndevu zangu za kwanza zimeota Ilomba. Sina cheo, wala sikutumwa na chama au kikundi chochote. Kilichonifanya nishike kalamu ni alfajiri moja ya mwezi wa sita mwaka jana.

Nilikuja likizo kwa basi la usiku, tukashuka stendi ya Nanenane saa kumi na moja kasoro robo. Baridi ya Mbeya ya mwezi huo mnaijua, ile inayopanda kutoka kwenye soli za viatu hadi magotini, na ukifungua mdomo kusalimia unatoka moshi. Tangu Iringa nilikuwa nawaza jambo moja tu. Nikifika sitakwenda nyumbani kwanza. Nitachukua bajaji mpaka Kabwe, nitakaa kwenye benchi la Juba, mama muuza chai wa pale, nitakunywa vikombe viwili vya chai ya maziwa yenye tangawizi na maandazi matatu ya moto, ndipo nikamgongee mama yangu mlango kukiwa kumepambazuka.

Bajaji ikanishusha Kabwe. Benchi hakuna. Jiko hakuna, wala ile taa yake ya chaji aliyokuwa akiining'iniza kwenye mti. Palikuwa na mtaro uliochimbwa, nondo zimesimama, na lundo la kifusi. Nikavuka ng'ambo nikidhani amesogea tu. Nikatembea mpaka Mafiati, nikarudi. Kila nilipokumbuka kijiwe, nilikuta udongo. Nikawauliza vijana wa bodaboda waliokuwa wamejikunyata juu ya pikipiki zao. Mmoja akaniambia, "Kaka, siku hizi chai mpaka kukuche." Vijana wale walikuwa wamekesha usiku kucha wakibeba abiria kwenye baridi ile, na tumboni hakuna kitu cha moto.

Tafadhali msinielewe vibaya. Barabara ya njia nne, zile kilomita 29 kutoka Nsalaga hadi Ifisi, nimeisubiri kama kila mtu wa Mbeya alivyoisubiri. Anayeijua foleni ya malori ya Zambia na Kongo pale mjini hawezi kuipinga. Nimewahi kukaa kwenye daladala kutoka Uyole hadi Iyunga muda ambao ungetosha kufika Tukuyu. Na lori likikatika breki kwenye mteremko wa Iwambi au wa Mbalizi halina simile, tumezika watu. Kwa hiyo siwaombi mumrudishe Juba pale alipokuwa, hatua nne tu kutoka kwenye matairi. Alikuwa hatarini, na sisi wateja wake tulikuwa hatarini pamoja naye. Ninachoomba ni kwamba barabara itakapokamilika, iwe na mahali pake.

Juba si jina lake. Kwa Kinyakyusa juba ni mama, na wote tulimwita hivyo: Wasafwa, Wandali, Wakinga, Wabena, Wasangu, hata Wachaga wenye maduka ya vipuri. Unga wa maandazi aliukanda saa tatu usiku na kuuacha karibu na jiko lililokuwa linapoa, maana kwa baridi ya kwetu unga hauumuki hivi hivi. Saa nane alikuwa ameshaamka. Saa tisa na nusu anafika Kabwe na mkokoteni, kijana wake akisukuma. Maziwa aliletewa na mtu wa baiskeli kutoka pande za Uyole, kwenye dumu lililofunikwa kwa jani la mgomba. Tangawizi aliitwanga palepale kwenye kinu kidogo, hakuinunua ikiwa ya unga hata siku moja. Majani yalikuwa ya kupima kwa kilo, ya punjepunje, yanayotoa rangi nzito mara tu maji yanapochemka. Yalitoka Tukuyu. Alikuwa akisema majani ya Tukuyu hayataki haraka, ukiyaondoa motoni mapema yanakuchukia.

Hapo nitakawia kidogo, kwa sababu naona mara nyingi tunalisahau. Nyanda za juu kusini ndiko chai ilikojaa: Rungwe, Mufindi, Njombe. Ukipita Katumba au Mwakaleli unaona vilima vizima vimekatwa sawasawa kama kichwa cha mtoto aliyetoka kwa kinyozi. Mkulima mdogo anachuma majani mawili na chipukizi lake, anabeba tenga mgongoni, anakwenda kupima. Sehemu kubwa ya chai ya nchi yetu inakwenda kuuzwa nje. Ile inayobaki, mimi nimeiona ikinywewa zaidi kwenye mabenchi ya kina Juba kuliko mahali pengine popote. Baba yake mdogo Juba alikuwa na shamba la chai huko kwao, na siku moja mzee alishuka mjini kwa matibabu, akakaa kwenye benchi, akapewa kikombe. Akakinusa kwanza. Akasema, "Kumbe ndiyo hii." Alikuwa amechuma maisha yake yote, na kwake walizoea kunywa uji.

Nilimfahamu Juba mwaka 2008, baada ya kidato cha nne, matokeo yangu yakiwa hayasomeki. Nilikwenda kukaa kwenye benchi lake kwa sababu nyumbani nilikuwa naona aibu. Siku ya tatu akaniuliza, "Wewe mwanangu, kila siku unakunywa chai ya rangi peke yake, huna kazi?" Nikasema sina. Hakunijibu. Kesho yake saa kumi alfajiri akanionyesha kwa mwiko mtu mmoja mwenye kofia ya sufu: "Yule anapakia viazi vya Umalila, kijana wake mmoja anaumwa. Nimeshamwambia." Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nilibeba viazi, baadaye ndizi za Tukuyu, miaka mitatu, na kwa fedha hiyo nikarudia mtihani.

Wangapi wamepata kazi kwenye benchi lile sijui, ila najua lilivyofanya kazi. Mwenye lori anayetafuta wapakiaji anakuja kunywa chai. Fundi anayetafuta msaidizi anakuja kunywa chai. Mwenye nyumba ambaye mpangaji wake amehama anaisema habari hiyo huku anapuliza kikombe. Mtu wa Chunya anaacha mzigo wake hapo, mwenyewe atapita saa sita. Juba alikuwa na funguo za watu, barua za watu, na daftari la madeni ambalo nadhani lingeweza kueleza hali ya uchumi wa Mwanjelwa kuliko ripoti yoyote: wiki mizigo ikiwa mingi, madeni yanafutwa; malori yakikwama mpakani Tunduma, kurasa zinajaa. Hakumdai mtu mbele ya mtu. Alikuwa anageuza tu daftari upande wako, unasoma mwenyewe.

Neno chai tumelichafua sana nchini kwetu. Mwenye kutaka rushwa anaomba chai, na vijana wa leo wakisikia uongo wanasema hiyo ni chai. Mimi neno hilo likitajwa bado naliona lile daftari.

Septemba 2011 soko la Sido lilipoungua, nilikuwa bado nabeba mizigo. Wenye umri wangu wanakumbuka lile la Mwanjelwa lilivyoteketea mwaka 2006, na wengi waliounguliwa mwaka ule walikuwa wamejishikiza upya palepale Sido. Wakaunguliwa mara ya pili. Asubuhi yake niliwakuta kwenye benchi la Juba wanaume wazima wamekaa bila kusema neno, mikono ina masizi. Juba alichemsha sufuria baada ya sufuria. Mmoja akaingiza mkono mfukoni, akautoa mtupu, akaanza kulia. Juba akamwekea kikombe mkononi na kumfunga vidole juu yake, kama unavyomfunga mtoto vidole juu ya sarafu ili asiipoteze. Siku ile daftari hakulifungua kabisa. Serikali ilikuja, viongozi walikuja, hotuba zikatolewa, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini kabla ya wote hao kulikuwa na chai.

Na nje ya hospitali ya wazazi ya Meta nako kulikuwa na mama mwingine, simjui hata kwa jina la utani. Dada yangu alipokuwa anajifungua nilikesha nje nikiwa na kanga yake begani. Alfajiri mama yule aliniletea kikombe pale nilipochuchumaa. Nilipotoa fedha akasema nitalipa siku ya kumtoa mtoto.

Sasa nieleze kilichompata Juba, kama alivyonieleza mwenyewe nilipomfuata nyumbani siku ya tatu ya likizo yangu.

Kwanza, sheria haikuwa upande wake, na anajua. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati. Jiko lake lilikuwa ndani ya hifadhi. Nyumba zilizoguswa zilipigwa alama ya X, wenye nyumba wakaandikwa majina, wakapimiwa. Kibanda cha nguzo nne na turubai hakipigwi X. Siku ilipofika alikunja turubai lake akaondoka, hakuna aliyemtukana wala kummwagia chai, na hilo anawashukuru waliolisimamia, maana kuna miji ambako mama lishe wamemwagiwa.

Pili, hakutelekezwa kabisa. Alipewa meza sokoni. "Walinipa, mwanangu. Siwezi kusema hawakunipa," aliniambia. Meza ilikuwa mstari wa nyuma, chini ya bati zuri, sakafu ya saruji, maji ya bomba karibu. Kwa macho ya mtu anayepanga, alikuwa amepandishwa daraja.

Geti la soko linafunguliwa saa kumi na mbili asubuhi. Saa kumi na mbili, kule Kabwe, Juba alikuwa ameshamaliza sufuria la pili. Wateja wake ni dereva wa daladala anayeanza kazi saa kumi na moja, konda wake, mlinzi anayetoka lindo, mpakiaji, muuguzi wa zamu ya usiku, abiria wa basi la mbali. Hakuna hata mmoja anayeweza kuacha gari, lindo au mzigo, akapita getini, akapita kwenye nyanya na mitumba, akafika mstari wa nyuma, akanywa chai, akarudi. Na hata angeweza, kumeshakucha. "Wiki tatu nilikuwa nakunywa chai yangu mwenyewe," alisema Juba. Wiki ya nne akarudisha meza.

Hili ndilo nalotaka mlisikie, Waheshimiwa, hata kama mengine yote mtayasahau. Mnapompanga muuza chai mnampanga kama muuza nguo. Nguo mtu anaitamani, anaifuata hata ghorofa ya tatu. Kuna soko la wazi la machinga hapa Dodoma, nami huenda kununua mashati, sijali umbali. Chai ya alfajiri haifuatwi. Mtu hatoki nyumbani kwenda kunywa chai ya alfajiri. Anainywa kwa kuwa ipo pale anapopita, saa ile anayopita, na mikono yake ina baridi saa ileile. Alichokuwa anauza Juba ni mahali na saa. Ukimhamisha mita mia mbili na saa moja mbele, umemwachia sufuria na sukari tu.

Desemba 2018 wafanyabiashara wadogo walipoanza kupewa vitambulisho vya shilingi 20,000, Juba alikuwa kati ya wa mwanzo kuchukua. Alikivaa shingoni mpaka kamba ikachakaa. Mwaka 2021 ulipotoka uamuzi wa kuwaondoa machinga pembezoni mwa barabara, alisogea nyuma kidogo bila ubishi. Mwanzoni mwa mwaka 2024 sukari ilipopita shilingi 4,000 kwa kilo, alipunguza faida, hakupunguza sukari. Mwanamke huyu amefuata kila alichoambiwa. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza swali dogo hili: mama, unaanza kazi saa ngapi?

Leo anatembeza. Ana chupa mbili kwenye ndoo, maandazi kwenye ndoo nyingine, na mgongo wa mtu mwenye wajukuu. Chupa zinarudi na chai ndani. Benchi hana, na bila benchi hakuna habari za kazi, hakuna funguo, hakuna daftari. Mtu anakunywa amesimama, anarudisha kikombe, anakwenda.

Hapa Dodoma chai ipo, nisiwasingizie wenyeji wangu. Ofisini, kwenye mji wa Serikali wa Mtumba, kuna kantini, unapewa maji ya moto, kipakiti cha kuchovya na kijiko. Kila mtu na kipakiti chake, kila mtu na simu yake. Mwaka wa kwanza nilijaribu kuchemsha mwenyewe chumbani kwa majani niliyobeba kutoka kwetu. Rangi ilitoka, tangawizi ilikuwepo, na bado nilikaa na kikombe kile nikitazama ukuta. Nilichokuwa nakikosa ni kutazamana na watu nisiowajua kwenye mwanga wa mkaa, dereva mmoja akimwambia mwingine kwamba Mlima Nyoka leo una ukungu, aende taratibu. Nani anamwambia sasa?

Naomba basi haya, na naamini yote yanawezekana kabla saruji haijakauka.

Pale mnapojenga vituo vya daladala kwenye njia mpya, tengeni nyuma ya kila kituo kikubwa eneo dogo, upande wa pili wa mtaro, mbali na magari: sakafu, paa, bomba moja, mtaro wa maji machafu, nafasi ya majiko matano au sita na mabenchi yake. Gharama yake mkiilinganisha na kilomita moja ya lami sidhani kama itaonekana. Uyole, Kabwe, Mafiati, Iyunga kwa ajili ya abiria wa TAZARA, Mbalizi. Na milango ya hospitali msiisahau, maana hakuna mahali mtu anahitaji kikombe cha moto kama pale.

Kibali kiandikwe saa. Ruhusuni saa tisa usiku hadi saa tatu asubuhi. Baada ya hapo eneo lioshwe, wachukue wauza matunda ikiwa mtapenda. Kina Juba hawahitaji siku nzima, hawajawahi kuihitaji.

Halafu kuna mkaa. Najua taifa lina mkakati wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa Mei 2024, kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia. Juba anakohoa kwa sababu ya moshi, hatausikitikia mkaa. Lakini jiko kubwa la gesi na mtungi wake ni fedha ambayo hana. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo nne ni ya wanawake, nne ya vijana na mbili ya watu wenye ulemavu, ingeweza kumfikia, ila mikopo ile inatolewa kwa vikundi, na mtu anayefanya kazi saa tisa usiku na kulala mchana vikao vya kikundi vinampita. Mtumeni afisa maendeleo ya jamii kwao, wakiwa wamekaa pamoja kwenye eneo hilo jipya, na kikundi kitakuwa kimeshajiunda chenyewe.

Na kabla ya kuamua lolote, njooni mkae. Msije saa nne na msafara. Njooni saa kumi na moja alfajiri, kwa miguu, na koti zito. Hesabuni watu wanaopita Kabwe wakitafuta kitu cha moto. Waulizeni.

Michoro ya barabara ile mnayo ninyi. Naomba muifungue, mtafute alama ya mahali pa kuchemshia chai. Ikiwepo, tuambieni iko upande gani wa kituo, nimpigie Juba simu leo, kwa sababu bado hajauza lile sufuria kubwa. Amelifunika kwa turubai nyuma ya nyumba, na aliniambia atalisubirisha mpaka mvua za mwaka huu.

Wenu katika ujenzi wa Mbeya,
Mtoto wa Ilomba, mpakiaji wa zamani wa viazi
Dodoma